Kuisoma Sukari ya Damu Usiku na Mchana: Somo kwa Wanaoishi na Kisukari na Familia Zao

Kisukari ni miongoni mwa maradhi ambayo sehemu kubwa ya tiba yake hufanywa na mgonjwa mwenyewe, nyumbani kwake, pasipo daktari wala muuguzi kuwapo. Anayehudhuria kliniki mara moja kwa mwezi hukaa na mtoa huduma kwa dakika chache. Siku zilizobaki ni yeye anayeamua kiasi cha ugali kitakachowekwa kwenye sahani, saa ya kuchoma insulini, na kama aende shambani kabla ya kunywa uji au baada yake. Maamuzi hayo ni madogo yakitazamwa moja moja, lakini yakijumlishwa ndiyo yanayoamua kama macho, figo na miguu vitaendelea kuwa salama katika miaka ijayo.

Utafiti wa kitaifa wa viashiria hatarishi vya magonjwa yasiyoambukiza uliofanyika mwaka 2012 ulionyesha kuwa asilimia 9.1 ya Watanzania wenye umri wa miaka 25 hadi 64 walikuwa na kisukari, yaani takriban mtu 1 katika kila watu 11. Kwa kiwango hicho, si rahisi kupata ukoo ambao hauna mtu anayepaswa kuijua sukari yake.

Somo hili linaeleza kifaa kinachopima sukari mfululizo, usiku na mchana, bila kuchoma kidole kila mara. Kifaa hicho bado hakijaenea vijijini, na wananchi wengi hawatakimiliki hivi karibuni. Hata hivyo, yale ambayo kimewafunulia wataalamu kuhusu mwenendo wa sukari yanaweza kumfaa pia mtu mwenye mashine ya kawaida ya kidole na stripu chache. Kwa sababu hiyo, somo linawahusu wote wawili: aliyebahatika kukipata na asiyekuwa nacho.

SUKARI HAITULII MAHALI PAMOJA

Chakula cha wanga, kama vile ugali, wali, ndizi, viazi, mihogo na mkate, humeng'enywa tumboni na kuwa glukosi, ambayo huingia kwenye damu. Homoni ya insulini, inayotengenezwa na kongosho, huiwezesha glukosi hiyo kutoka kwenye damu na kuingia kwenye seli ili itumike kama nishati. Kwa mwenye kisukari cha aina ya kwanza, kongosho limeacha kabisa au karibu kabisa kutengeneza insulini. Kwa mwenye kisukari cha aina ya pili, mwili hauiitikii insulini ipasavyo, na kadiri miaka inavyopita kongosho nalo huelemewa.

Sukari ya damu hupimwa kwa milimoli katika lita moja. Baadhi ya mashine huonyesha miligramu katika desilita, na milimoli 1 ni sawa na miligramu 18. Kwa hiyo 3.9 katika mashine moja ni 70 katika nyingine, na 10 ni 180. Kila mgonjwa anapaswa kujua mashine yake inatumia kipimo kipi, kwa kuwa kuchanganya vipimo hivyo kunaweza kusababisha kosa la dozi.

Kwa miaka mingi wagonjwa wametegemea njia mbili. Ya kwanza ni kuchoma kidole na kuweka tone la damu kwenye stripu, njia inayoonyesha sukari ya dakika ile tu. Ya pili ni kipimo cha maabara kiitwacho HbA1c, kinachoonyesha ni kiasi gani cha glukosi kimeng'ang'ania kwenye chembe nyekundu za damu. Kwa kuwa chembe hizo huishi kwa takriban siku 120, kipimo hicho hutoa picha ya wastani wa miezi 2 hadi 3 iliyopita.

Njia zote mbili zina thamani, lakini kila moja ina upofu wake. Mtu aliyekaa kwenye sukari ya 4 kwa nusu ya siku na 14 kwa nusu nyingine ana wastani wa 9. Mwenzake aliyekaa kwenye 9 siku nzima naye ana wastani wa 9. Miili yao haikupitia siku inayofanana, ila wastani hauwezi kuwatofautisha. Isitoshe, HbA1c huweza kupotosha kwa mwenye selimundu, kwa mwenye upungufu wa damu, na kwa aliyeongezewa damu karibuni, kwa sababu umri wa chembe zake nyekundu si ule wa kawaida. Katika nchi ambayo selimundu si ugonjwa wa nadra, jambo hili linapaswa kukumbukwa kila majibu ya maabara yanaposomwa.

KIFAA KINAVYOFANYA KAZI

Kifaa cha kwanza cha kupima sukari mfululizo kiliidhinishwa nchini Marekani mwaka 1999. Wakati huo mgonjwa alikivaa kwa siku 3, kisha daktari akayasoma matokeo baadaye. Mgonjwa mwenyewe hakuona kitu. Vifaa vya leo humwonyesha mvaaji sukari yake papo hapo.

Kifaa kina sehemu tatu. Ya kwanza ni kihisi, uzi mwembamba mno unaoingizwa chini ya ngozi kwa kibonyezo maalumu, mara nyingi nyuma ya mkono wa juu au tumboni, na kushikiliwa na plasta. Ya pili ni kirusha taarifa, ambacho katika vifaa vingi kimeunganishwa na kihisi. Ya tatu ni kipokezi, ambacho huweza kuwa mashine ndogo ya mkononi au simu janja. Kwenye uzi wa kihisi kumepakwa kimeng'enya kinachokutana na glukosi na kuzalisha umeme mdogo sana. Kadiri glukosi inavyokuwa nyingi ndivyo umeme huo unavyoongezeka, na kifaa huugeuza kuwa namba.

Vipimo huchukuliwa kila baada ya dakika 1 hadi 5. Kifaa kinachopima kila dakika 5 hutoa vipimo 288 kwa siku moja, ambapo mtu anayejichoma kidole mara 4 hupata vipimo 4. Kihisi kimoja hudumu kwa siku 7 hadi 15 kulingana na aina yake, kisha hubanduliwa na kuwekwa kipya. Zipo pia aina zinazopandikizwa chini ya ngozi na mtaalamu na kudumu kwa miezi kadhaa.

Jambo moja ni lazima lieleweke vyema. Kihisi hakipimi sukari iliyo ndani ya mshipa wa damu. Hupima sukari iliyo katika majimaji yanayozunguka seli chini ya ngozi, na sukari hufika huko baada ya kupita kwenye damu. Mkulima wa mpunga wa umwagiliaji atalielewa jambo hili bila shida. Banio linapofunguliwa, maji hujaa kwanza kwenye mfereji mkuu, na majaruba ya mbali huyapata baadaye. Banio linapofungwa, mfereji hupungua wakati majaruba bado yamejaa. Damu ni mfereji na majimaji ya chini ya ngozi ni majaruba. Ucheleweshaji huo ni wa takriban dakika 5 hadi 15.

Sukari inapokuwa imetulia, ucheleweshaji hauna athari kubwa. Inapopanda kwa kasi baada ya mlo, au kushuka kwa kasi wakati wa kulima au kukimbia, namba ya kifaa na ile ya kidole huweza kutofautiana sana. Kanuni ni nyepesi: dalili za mwili zikipingana na namba ya kifaa, mgonjwa apime kidole kabla ya kuchukua hatua. Akiwa hana stripu na ana dalili za sukari kushuka, ajitibu kama mtu ambaye sukari imeshuka, kwa kuwa kukosea upande huo ndiko kwenye hatari ndogo.

NAMBA, MSHALE NA MCHORO

Kifaa humpa mvaaji mambo matatu: namba ya sasa, mshale unaoonyesha mwelekeo, na mchoro wa saa zilizopita. Wengi hutazama namba pekee, ingawa mshale ndio unaosaidia zaidi kuamua.

Mfano ni wa mtu anayetaka kulala na kuona 6.0. Namba hiyo ni nzuri. Mshale ukiwa umelala, anaweza kwenda kitandani kwa utulivu. Lakini mshale ukielekea chini wima, maana yake katika vifaa vingi ni kwamba sukari inashuka kwa zaidi ya 0.1 kila dakika. Mwendo huo ukiendelea kwa dakika 20, sukari itakuwa imeshuka kwa zaidi ya 2, na mtu huyo atakuwa chini ya 4.0 pengine akiwa tayari usingizini. Namba ni moja, 6.0, ila maamuzi ni mawili tofauti. Kila kifaa kina maana zake za mishale, na mvaaji azisome katika maelekezo ya kifaa chake.

Mchoro nao hutumika kujibu swali moja kuu: katika saa 24, sukari ilikuwa ndani ya mipaka kwa muda gani? Mapatano ya wataalamu wa kimataifa ya mwaka 2019 yaliweka malengo haya kwa watu wazima wengi wenye kisukari cha aina ya kwanza au ya pili:

Kati ya 3.9 na 10.0: zaidi ya asilimia 70 ya muda, yaani takriban saa 17 kwa siku.

Chini ya 3.9: pungufu ya asilimia 4, yaani isifike saa 1 kwa siku.

Chini ya 3.0: pungufu ya asilimia 1, yaani isizidi takriban dakika 14 kwa siku.

Kwa wazee na wengine walio katika hatari kubwa zaidi ya sukari kushuka, lengo hulegezwa: zaidi ya asilimia 50 ya muda ndani ya mipaka, na pungufu ya asilimia 1 chini ya 3.9. Kwa mjamzito mwenye kisukari cha aina ya kwanza, mipaka hubanwa kuwa 3.5 hadi 7.8. Malengo ya mtu binafsi hupangwa na mtaalamu anayemtibu, na mzee wa miaka 75 asijilinganishe na kijana wa miaka 20.

Malengo hayo yanaonyesha pia kuwa hakuna anayetakiwa kukaa ndani ya mipaka kwa asilimia 100. Mgonjwa anayeona 12 baada ya karamu ya harusi hajashindwa. Anachopaswa kujiuliza ni kama jambo hilo hutokea mara moja kwa mwezi au kila siku saa ile ile.

SAA ZA USIKU AMBAZO HAZIKUONEKANA

Manufaa makubwa ya kupima mfululizo yameonekana zaidi usiku. Wagonjwa wengi wanaotumia insulini katika vituo vya umma hupewa insulini ya muda wa kati, au ile iliyochanganywa, asubuhi na jioni. Insulini ya muda wa kati hufikia nguvu yake ya juu kuanzia takriban saa 4 baada ya kuchomwa na huendelea kwa saa kadhaa. Aliyejichoma saa 1 jioni, akala chakula kidogo kuliko kawaida, huweza kukutwa na nguvu hiyo kati ya saa 5 na saa 9 usiku, akiwa amelala na tumbo likiwa tupu.

Dalili za sukari kushuka usiku ni pamoja na kuamka shuka zikiwa zimelowa jasho, ndoto za kutisha, kuumwa kichwa asubuhi na uchovu usio na sababu. Wengine hawaoni dalili yoyote, hasa walioishi na kisukari kwa miaka mingi au ambao sukari yao imeshuka mara nyingi, kwa sababu mwili wao umeacha kutoa tahadhari. Kwao, kengele ya kifaa inayolia sukari inapokaribia mpaka wa chini huweza kuokoa maisha.

Hapa pana kosa linalotendeka mara kwa mara. Mgonjwa hupima asubuhi, akaona 13, akahitimisha kwamba dozi ya jioni haitoshi, akaiongeza kwa hiari yake. Lakini sukari ya juu asubuhi ina sababu zaidi ya moja. Inawezekana dozi kweli haitoshi. Inawezekana pia kwamba homoni ambazo mwili huzitoa alfajiri ndizo zilizoipandisha, ilhali katikati ya usiku sukari ilikuwa chini. Katika hali hiyo ya pili, kuongeza dozi ya jioni ni kumsukuma mgonjwa kwenye hatari akiwa amelala. Namba ya asubuhi peke yake haiwezi kueleza kilichotokea usiku.

Asiye na kifaa cha kupima mfululizo anaweza kupata jibu kwa stripu chache: apime kabla ya kulala, aweke kengele ya simu na kupima saa 9 usiku, kisha apime anapoamka. Afanye hivyo kwa usiku 2 au 3 ndani ya wiki moja, aandike namba hizo na kuzipeleka kliniki. Mtaalamu akiziona ataweza kurekebisha dozi kwa uhakika.

SUKARI INAPOSHUKA

Sukari iliyo chini ya 3.9 inahitaji kushughulikiwa mara moja, hata kama mgonjwa anajisikia vizuri. Dalili zake ni njaa ya ghafla, kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio, kuona ukungu na kuchanganyikiwa. Ikishuka zaidi, mgonjwa huweza kupepesuka, kuzungumza ovyo, kuwa mkali pasipo sababu, kupata degedege na kupoteza fahamu. Wapo ambao wakiwa katika hali hiyo wamedhaniwa kuwa walevi au kwamba wamepagawa, na muda wa kuwasaidia ukapotea. Familia, walimu, majirani na madereva wa bodaboda wanapaswa kufahamu kwamba mtu mwenye kisukari anayebadilika ghafla namna hiyo huenda anahitaji sukari, na anaihitaji upesi.

Akiwa na fahamu na anaweza kumeza, apewe vijiko 3 hadi 4 vya chai vya sukari vilivyokorogwa katika maji, au takriban mililita 150 za soda ya kawaida yenye sukari. Baada ya dakika 15 apime tena kwa kidole. Ikiwa bado iko chini ya 3.9, arudie. Ikishapanda, ale chakula ikiwa mlo unaofuata bado uko mbali. Maandazi na chokoleti havifai kwa hatua ya kwanza, kwa kuwa mafuta yake huchelewesha sukari kufika kwenye damu.

Anayetumia kifaa cha mfululizo asiharakishe kurudia kunywa soda kwa sababu tu namba ya kifaa haijapanda. Majaruba bado hayajapata maji. Kipimo cha kidole ndicho kitakachosema kweli katika dakika hizo.

Akiwa amepoteza fahamu, asipewe kitu chochote mdomoni, kwani kinaweza kuingia kwenye njia ya hewa. Alazwe kwa ubavu na apelekwe haraka kwenye kituo cha afya kilicho karibu. Aidha, anayetumia vidonge vya glibenklamidi au vya kundi lake apelekwe kituoni baada ya kushuka sana kwa sukari hata kama amezinduka, kwa sababu dawa hizo hudumu mwilini na sukari huweza kushuka tena saa kadhaa baadaye.

Upande wa pili nao una hatari. Sukari ikizidi 14 na kubaki huko, huku mgonjwa akitapika, akiumwa tumbo, akipumua kwa kina na kwa haraka, au pumzi yake ikinukia kama matunda yaliyoiva kupita kiasi, apelekwe hospitali bila kuchelewa. Anayetumia insulini asiiache kwa sababu tu anaumwa na hali chakula. Apate ushauri wa dozi kutoka kwa mtaalamu.

MCHORO KAMA MWALIMU WA CHAKULA NA KAZI

Mgonjwa mmoja huambiwa asile wali, mwingine huambiwa asile ndizi, na mwishowe wote wawili huogopa kila chakula. Kupima mfululizo kumeonyesha kuwa chakula kile kile huweza kuipandisha sukari ya watu wawili kwa viwango tofauti. Kwa hiyo njia bora ni kila mtu kuupima mwili wake.

Utaratibu wake ni huu. Mgonjwa apime kabla ya mlo, ale kama kawaida yake, kisha apime saa 2 baada ya kuanza kula. Tofauti kati ya namba hizo mbili ndiyo athari ya mlo huo. Siku nyingine abadilishe jambo moja tu: apunguze ugali na kuongeza mboga za majani na maharage, au aanze na mboga na kumalizia na ugali, au anywe chai isiyo na sukari, au atembee kwa dakika 15 baada ya kula. Apime tena kwa utaratibu ule ule. Akibadilisha mambo mawili kwa pamoja hatajua ni lipi lililosaidia.

Kazi za mikono pia zina nafasi yake. Kulima, kutwanga, kubeba maji na kuendesha baiskeli huteremsha sukari, na athari hiyo huweza kuendelea kwa saa nyingi baada ya kazi kwisha. Anayetumia insulini na kufanya kazi nzito mchana anaweza kushukiwa na sukari usiku wake. Ajadiliane na mtaalamu wake kuhusu dozi katika msimu wa kulima na wa kuvuna, kwa kuwa dozi iliyomfaa wakati wa kiangazi huenda ikazidi mahitaji wakati huo.

Kwa Waislamu wanaokusudia kufunga mwezi wa Ramadhani, miongozo ya kitaalamu inaelekeza kuonana na mtoa huduma mapema kabla ya mwezi kuandama, kwani si kila mwenye kisukari anaweza kufunga kwa usalama. Anayefunga anashauriwa kupima mchana, na kufungua mara moja endapo sukari itashuka chini ya 3.9 au kupanda zaidi ya 16.6.

PALE KIPIMO KINAPODANGANYA

Hakuna kifaa kisichokosea. Aliyelalia mkono wenye kihisi huweza kuamshwa na kengele ya sukari ya chini ilhali sukari yake ni nzuri, kwa sababu uzito wa mwili umebana majimaji mahali pale. Siku ya kwanza baada ya kuvaa kihisi kipya, namba huwa si za uhakika sana. Baadhi ya dawa huvuruga vipimo vya baadhi ya vifaa: vitamini C kwa dozi kubwa, parasetamoli, na haidroksiyurea inayotumiwa na wagonjwa wengi wa selimundu. Mwenye selimundu na kisukari kwa pamoja amweleze mtaalamu dawa zake zote kabla ya kuchagua kifaa.

Mashine ya kidole nayo hupotoshwa na mambo madogo. Aliyetoka kumenya embe au chungwa akipima bila kunawa huweza kupata namba ya juu isiyo ya kweli, kwa kuwa sukari ya tunda imebaki kidoleni. Kunawa kwa maji na sabuni na kukausha vizuri kunatosha. Stripu zihifadhiwe katika kopo lake lililofungwa, mbali na joto na unyevu, na zisitumike baada ya tarehe ya mwisho. Kichomeo cha mtu mmoja kisitumiwe na mwingine, hata wa familia moja, ili kuepuka homa ya ini na virusi vya UKIMWI.

KABLA YA KUNUNUA

Anayefikiria kununua kifaa cha mfululizo azingatie mambo manne.

Kwanza, gharama yake haiishii siku ya kununua. Kihisi cha siku 14 humaanisha vihisi takriban 26 kwa mwaka. Cha siku 10 humaanisha 36 au 37. Fedha hizo zisitolewe kwenye fungu la insulini, dawa au chakula. Kifaa hakitibu, kinaonyesha tu.

Pili, wanaonufaika zaidi ni wanaotumia insulini, hususan watoto na vijana wenye kisukari cha aina ya kwanza, na wale ambao sukari hushuka bila wao kuhisi. Anayetumia metifomini peke yake kwa kawaida hahitaji kifaa hiki, na vipimo vya kliniki pamoja na HbA1c humtosha.

Tatu, kununua kihisi mara moja moja si hasara. Kuvaa kimoja kwa wiki mbili kabla ya siku ya kliniki, huku mgonjwa akiandika milo, dozi na kazi zake, huweza kumpa mtaalamu picha ya kutosha kupanga upya tiba ya miezi mingi.

Nne, zipo saa na pete zinazotangazwa kuwa hupima sukari bila kutoboa ngozi. Mnamo Februari 2024, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari yenyewe kwa njia hiyo. Kuchoma insulini kwa kufuata namba ya saa ya namna hiyo ni kuhatarisha maisha. Saa inayoonyesha tu taarifa zilizotumwa na kihisi kilichovaliwa mwilini ni jambo tofauti. Ununuzi ufanyike katika maduka ya dawa yanayotambulika, na mwenye shaka kuhusu kifaa awasiliane na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba.

RATIBA YA MWENYE STRIPU CHACHE

Asiye na uwezo wa kupima kila siku anaweza kuzipangia stripu zake ratiba ili zimjengee picha ya siku nzima. Jumatatu apime kabla na baada ya kifungua kinywa. Jumatano apime kabla na baada ya chakula cha mchana. Ijumaa apime kabla na baada ya chakula cha jioni. Jumapili apime anapolala, saa 9 usiku na anapoamka. Kwa stripu 9 katika wiki moja atakuwa ameziona saa zote muhimu. Mwenye stripu chache zaidi anaweza kuieneza ratiba hiyo katika wiki mbili au tatu. Ratiba hii ni ya kujifunza mwenendo. Haichukui nafasi ya kupima anapohisi dalili, wala maelekezo aliyopewa kliniki ya kupima kabla ya kila dozi.

Kila namba iandikwe pamoja na saa, chakula, dozi na kazi iliyofanyika. Daftari la shule linatosha. Namba isiyo na maelezo husahaulika maana yake kabla ya siku ya kliniki kufika.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kifaa kinaonyesha 7.5, lakini mgonjwa anatetemeka na kutokwa jasho baada ya kulima. Afanye nini? Apime kidole, akiwa hana stripu, ajitibu kama ambaye sukari imeshuka.

2. Wagonjwa wawili wana HbA1c inayolingana. Je, sukari zao zinafanana? La. Wastani huficha kupanda na kushuka.

3. Sukari ya asubuhi ni 13 kwa siku tatu mfululizo. Je, dozi ya jioni iongezwe nyumbani? La. Ipimwe kwanza saa 9 usiku, na namba zipelekwe kliniki.

4. Mtu mwenye kisukari ameanguka na hana fahamu. Je, apewe soda? La. Alazwe kwa ubavu na akimbizwe kituoni.

Wananchi wanaoishi na kisukari wanahimizwa kuuliza katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nao kuhusu siku za kliniki ya magonjwa yasiyoambukiza, na kwenda na mashine na daftari lao kila wanapohudhuria. Ambaye hajawahi kupima naye asisubiri dalili. Kiu isiyokatika, kukojoa mara kwa mara usiku, kupungua uzito pasipo sababu na kidonda kisichopona ni ishara za kuchelewa, na kipimo cha kidole huchukua muda usiozidi dakika moja.